Nina miaka 42 na nimesikiliza muziki maisha yangu yote: je, naweza kuwa DJ wa house?

Swali: Mimi ni mhasibu, naishi Mombasa, nina watoto wawili ambao sasa ni wakubwa. Nimekulia kwenye nyumba ya muziki. Marehemu baba alikuwa na makasha ya santuri za rumba na taarab, nami nimekusanya kanda, sidii, na sasa maelfu ya faili. House, ule muziki wa kucheza wenye ngoma za mashine, ilinikamata nilipofanya kazi Afrika Kusini kwa miaka michache, na tangu hapo haijaniachia. Nataka kujifunza kuipiga mwenyewe mbele ya watu. Nianzie wapi na ninunue nini? Wanaosema kwamba kitufe cha SYNC, kile kinacholinganisha kasi ya nyimbo mbili chenyewe, ni udanganyifu wana haki? Na huo muziki wa baba niuweke kando?

Jibu:

Dada yangu, unaweza. Kazi ya mikono ya DJ wa house, yaani kulinganisha kasi ya nyimbo mbili na kuzipokezanisha bila watu kuacha kucheza, mtu mwenye bidii huipata ndani ya miezi. Kinachochukua miaka ni sikio: kuujua wimbo mzuri kabla haujafika katikati, kukumbuka kwamba besi hii inakaa vizuri na ile ya miaka ishirini iliyopita, kuhisi lini watu wamechoshwa na sauti ya mwimbaji na wanataka ngoma. Hilo umelifanyia kazi tangu utotoni. Vijana wengi ninaowafundisha huja na vidole vyepesi na nyimbo wanazozijua kwa undani ni chache mno. Hali yako ni kinyume cha yao, na kati ya hizo mbili mimi ningechagua yako.

Hata hivyo mpenzi wa muziki wa siku nyingi ana mazoea fulani ambayo hana budi kuyabadilisha, na nitakaa hapo kwa muda kwa sababu ndipo wengi wa rika letu hukwama. Msikilizaji huupenda wimbo katikati yake: sauti inapopanda, kiitikio kinaporudi, kinanda kinapoingia na nywele zikasimama. DJ hufanya kazi kwenye kingo za wimbo. Ile dakika ya mwanzo yenye ngoma tupu ambayo nyumbani huwa unairuka, na ile ya mwisho ambapo vyombo vinaondoka kimoja kimoja na wewe umeshainuka kuweka wimbo mwingine, hizo ndizo mahali pako pa kazi kuanzia sasa. Unazijua nyimbo zako. Kingo zake bado.

Kingo hizo zina historia. Mwaka 1977 Frankie Knuckles, mzaliwa wa Bronx, alihamia Chicago kupiga muziki kwenye klabu ya Warehouse, mtaa wa South Jefferson. Waliokwenda pale walikuwa hasa vijana Weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao kumbi nyingi za mji hazikuwataka. Muziki ulikuwa disko, soul ya Philadelphia na nyimbo za Ulaya zilizopigwa kwa mashine. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park hukohuko Chicago, lundo la santuri za disko lililipuliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia, na muda si mrefu kampuni kubwa za muziki zikaipa disko kisogo. Knuckles akawa na ukumbi uliojaa watu na nyimbo mpya chache za kuwachezesha. Alichofanya ni kuchukua tepu za rili, kukata na kuunga, akirefusha zile sehemu za ngoma na besi ambazo watu walizipenda, na baadaye akatia mashine ya ngoma chini ya nyimbo ili mdundo uwe mzito zaidi. Vijana waliokuwa wakimsikiliza wakaanza kutengeneza nyimbo zao kwa namna hiyohiyo, na mwaka 1984 Jesse Saunders akatoa “On and On”, ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya house kuuzwa madukani.

Ndiyo maana wimbo wa house huweza kufika dakika sita au saba na ukaanza kwa ngoma peke yake. Ulitengenezwa ili uungwe na mwingine, na mtengenezaji alikuachia nafasi makusudi mwanzo na mwisho. Anayeuona mwanzo huo kama upotezaji wa muda bado ni msikilizaji.

Kwa kuwa umetaja umri na kazi, Marshall Jefferson alikuwa mfanyakazi wa posta Chicago alipotengeneza “Move Your Body” ya 1986. Larry Heard, aliyetoa house yake ya upole kwa jina la Mr. Fingers, alikuwa mpiga ngoma wa bendi kabla ya kujinunulia kinanda. House ni kazi ya watu waliokuwa na kazi nyingine, na mhasibu hana sababu ya kujiona mgeni ndani yake.

Sasa, mazoezi. Kwa wiki za kwanza usinunue chochote. Chukua wimbo wa house unaoupenda na uhesabu. Mapigo manne ya ile ngoma kubwa ya chini ni kipimo kimoja. Vipimo vinane, yaani mapigo 32, ni kile ninachokiita fungu moja. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde na fungu zima ni sekunde 16. Utagundua kwamba karibu kila badiliko kubwa hutokea fungu linapogeuka: makofi yanaingia, besi inaingia, sauti inaondoka, ngoma inanyamaza kisha inarudi. Hesabu kwa vidole ukiwa kwenye matatu, ukisubiri feri ya Likoni, ukiosha vyombo. Mwanzoni utapoteza hesabu kila mwimbaji akianza, kwa sababu moyo wako utamfuata yeye. Endelea mpaka mwili ujue wenyewe kwamba fungu linageuka, bila wewe kuhesabu. Kisha kwa kila wimbo andika kwenye daftari: mafungu mangapi ya ngoma tupu, besi inaingia wapi, sauti ya mwimbaji inaingia wapi, mafungu mangapi yamebaki baada ya sauti kuisha. Kwa mhasibu daftari la namna hii halitakuwa kazi ngeni, na nyimbo thelathini zilizoandikwa hivyo zina thamani kuliko elfu tatu zilizolala kwenye kompyuta.

Nikuoneshe uunganishaji mmoja polepole, jinsi unavyokwenda mikononi. Wimbo wa kwanza uko hewani, mapigo 122 kwa dakika, na daftari linakwambia kwamba baada ya sauti kuisha yamebaki mafungu manne. Wimbo wa pili una mapigo 124 na unaanza kwa mafungu mawili ya ngoma kabla besi haijaingia. Huu wa pili unausikia wewe tu, kwenye hedifoni, sikio moja likiwa ndani na jingine nje. Unashusha kitelezi cha kasi mpaka ufike 122. Unautega kwenye pigo lake la kwanza kabisa. Kabla ya kuupandisha unazungusha kitufe cha besi yake mpaka chini. Sauti inaisha kwenye wimbo wa kwanza, fungu linageuka, na hapohapo unaachia wa pili. Sasa nyimbo zote mbili zinatembea, lakini watu wanausikia mmoja tu. Unapandisha wa pili taratibu, na kitu cha kwanza kitakachosikika ukumbini ni zile sauti nyembamba za juu, kama za kayamba. Mafungu mawili yanapita. Pigo la kwanza la fungu la tatu ndilo besi ya wimbo wa pili inapoanza, na kwenye pigo hilohilo mkono mmoja unashusha besi ya wimbo wa kwanza na mwingine unapandisha ya wa pili. Besi mbili hazikai pamoja: huchafuana, huzimana, na spika hubaki na mngurumo usio na umbo. Zikibadilishana kwenye pigo sahihi, ukumbi wote unahisi sakafu imegeuka na hakuna anayejua kilichofanyika. Mafungu mawili yaliyobaki unayatumia kuutoa wimbo wa kwanza.

Hayo yote, kwa kasi hiyo, ni kama dakika moja. Ukiyafanya vizuri mara ya kwanza utafurahi mpaka usiku ulale kwa shida.

Tuje kwenye SYNC. Wanaoiita udanganyifu wanazidisha. Kitufe hicho hulinganisha kasi na mapigo tu. Hakikuchagulii wimbo, hakijui fungu linageuka lini kwa maana unayoitaka wewe, na hakioni kwamba wale dada wanne kule pembeni wamekaribia kuondoka. Lakini nakusihi ujifunze kulinganisha kwa sikio kwanza, na sababu zangu ni za kazi. SYNC hutegemea ramani ya mapigo ambayo programu imeichora. Wimbo uliotengenezwa kwa mashine huchorwa sawasawa. Wimbo uliopigwa na watu wenye mikono na jasho hupanda na kushuka kasi, na ramani hupotea njia. Tena utafika ukumbi wenye mitambo usiyoizoea, mashine ikakataa kusoma ramani zako, na watu wapo wanasubiri.

Sikio huzoezwa hivi: nyimbo mbili za ngoma tupu, funika kioo kinachoonesha namba, na sikiliza. Moja ikiwa 122 na nyingine 124, zinaachana kwa mapigo mawili kila dakika, kwa hiyo ukianza sawa, baada ya sekunde 15 zitakuwa zimeachana kwa nusu pigo. Utasikia kitu kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule ukipanda, wakati unachotaka ni michi yote ishuke pamoja. Jiulize tu: nani yuko mbele? Msukume aliye nyuma kidogo, sikiliza tena. Siku nyingi hutajua nani yuko mbele, kisha asubuhi moja utajua. Baada ya hapo tumia SYNC upendavyo, na asikudharau mtu.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Kompyuta uliyo nayo yatosha kuanzia. Mixxx, programu ya kuunganishia nyimbo, ni ya bure na inafanya kazi halali kabisa. Kisha ununue kontrola ndogo ya chaneli mbili, yaani kifaa chenye vitelezi na vitufe vya kuiongoza programu hiyo, kama DDJ-FLX4 ya Pioneer DJ au inayofanana nayo. Bei yake ng'ambo ilitoka ikiwa karibu dola 300, na huku kwetu usafiri na ushuru huongeza. Iliyotumika inafaa, ila jaribu kila kitelezi kabla ya kulipa. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote na waya uwe imara. Usikimbilie mashine kubwa za klabu: zile ni mali ya ukumbi, na ukiwa umejifunza kwenye kontrola utazizoea kwa siku chache. Ila flashi utakayokwenda nayo iandae (format) kwenye kompyuta kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu mashine nyingi za klabu, hasa za zamani, hazisomi mfumo kama exFAT. Beba mbili zenye nyimbo zilezile. Nimeona watu wazima wakitetemeka usiku kwa sababu ya jambo hili dogo.

Nyimbo zenyewe nunua. Traxsource na Beatport ni maduka ya ma-DJ, na Bandcamp inafaa zaidi kwa wasanii wadogo kwa kuwa sehemu kubwa ya pesa huwafikia wao. Faili iwe WAV, AIFF au MP3 ya kbps 320. Zile zilizochomolewa kwenye video za mtandaoni huonekana sawa kwenye simu, lakini zikipita kwenye spika kubwa besi inalegea na zile sauti za juu zinakwaruza, na watu wanaacha kucheza bila kujua kwa nini. Nunua chache kwa mwezi, uzijue kingo zake, ndipo ununue nyingine. Na uzipange kwa saa ya usiku: za watu wanapoingia, za ukumbi ukianza kujaa, za kilele, za kuwarudisha chini. Mgawanyo kwa majina ya aina za muziki hautakusaidia saa sita usiku.

Swali la muziki wa baba ndilo nililolipenda zaidi, na jibu ni hapana, usiuweke kando hata kidogo. Ila uelewe ugumu wake.

Rumba ina sebene, ile sehemu ya pili ambapo uimbaji unakaa pembeni, magitaa yanashikana na mdundo unajirudia mpaka watu wanasahau wimbo ulianzaje. Hicho ndicho Knuckles alikuwa akikitafuta kwa mkasi kwenye tepu zake. Sikiliza nyimbo za Les Wanyika, au za TPOK Jazz ya Franco zile ndefu zilizokuwa zikigawanywa pande mbili za santuri, na uweke alama mahali ambapo sebene inaanza na inapoachwa wazi. Hapo pana nafasi ya house kuingia au kutokea. Lakini bendi haikuwa na mashine ya kuihesabia, kwa hiyo wimbo ulioanza na mapigo 118 huweza kumalizika na 123. Kidole chako lazima kikae kwenye kitelezi muda wote, ukiusindikiza. SYNC haitakufaa hapo, sikio litakufaa.

Taarab na chakacha ni ngumu zaidi na tamu zaidi. House hutembea kwa nne. Chakacha hutembea kwa sita, na ndiyo maana ukiziweka pamoja ovyo zinagombana. Siri ni kuhesabu ile sita kama makundi mawili ya tatu-tatu, na kila tatu ikae juu ya pigo moja la house. Hapo ngoma ya chakacha inazunguka juu ya dundo lisilobadilika na nyonga zinajua la kufanya. Programu mara nyingi husoma vibaya muziki wa namna hii. Usishangae ikikuandikia 90 au 180 pale ambapo mguu wako unahesabu 120. Amini mguu. Na kama makasha ya baba yana Juma Bhalo na zile tabla zake, sikiliza tabla peke yake bila kufuata mashairi, ingawa najua kwa Mmombasa ni vigumu. Utapata vipande vya sekunde chache ambavyo, vikizungushwa kwa lupu, vinaweza kufungua usiku mzima.

Kabla ya hayo, zihamishie santuri kwenye kompyuta ukiwa na mashine nzuri na sindano ya nyumbani. Sindano nyingi za ma-DJ hukandamiza kwa gramu 3 au 4, na santuri za zamani zenye mikwaruzo hazistahili mateso hayo. Hifadhi kwa WAV. Na ukikata vipande na kuvitungia ngoma mpya, vipige ukumbini, lakini usiviuze wala kuvitoa kwa jina lako bila ruhusa ya wenye haki. Wasanii wa pwani wameporwa vya kutosha, na wengine wameacha warithi wanaoishi mtaa wa jirani na wewe.

Kuhusu kupiga mbele ya watu: ukumbi wa kwanza uwe mdogo, na omba saa ya ufunguzi. Ma-DJ wengi huidharau saa hiyo. Mimi naiona kuwa ndiyo ngumu na ndiyo inayomfaa mtu wa maarifa yako. Watu wanaingia, wanasalimiana, wanaagiza soda, na kazi yako ni kuwafanya waanze kutikisa kichwa bila kujua wameanza lini. Hutumii nyimbo kubwa, maana hizo ni za mwenzako anayekuja saa sita. Huzidishi mapigo 120. Sauti inabaki chini kiasi cha watu kuzungumza. Anayejua kupiga saa mbili za namna hiyo huitwa tena na tena, kwa sababu kila DJ wa saa ya kilele anamtaka mtu wa kumwandalia ukumbi bila kuuunguza.

Mombasa watakuomba Bongo Flava na amapiano. Usikasirike. Amapiano ilitokana na house ya Afrika Kusini yenyewe, nawe uliishi huko, kwa hiyo una daraja mkononi. Nyingi hutembea kwa mapigo kama 112 hadi 115, na mara nyingi hazina lile dundo la kila pigo: ile besi ya log drum ndiyo inayobeba wimbo. Anza nayo, kisha kwenye kila wimbo panda pigo moja au mawili. Baada ya nyimbo nne au tano uko 120, na unapoingiza dundo kamili la house watu wanalipokea kama kitu walichokuwa wakikisubiri. Ukiruka ghafla kutoka 113 hadi 122 utawapoteza.

Uvumilivu ni sehemu ya kazi hii. Inasimuliwa kwamba Ron Hardy, DJ wa Music Box kulekule Chicago, alipoletewa “Acid Tracks” ya kundi la Phuture, wimbo wa ajabu uliojengwa juu ya mashine ya besi ya TB-303, mara ya kwanza watu waliondoka kwenye sakafu. Akaupiga tena usiku huohuo, na tena. Mara ya nne walikuwa wamepagawa. Sikwambii ufanye hivyo usiku wako wa kwanza. Nakwambia kwamba wimbo unaouamini haufi kwa kukataliwa mara moja, na ukumbi hufundishika na mtu anayeupenda muziki wake.

Usione haya kuhusu mikono kuwa mizito. DJ Black Coffee wa Afrika Kusini aliumia vibaya mwaka 1990, gari lilipoingia kwenye umati uliokuwa ukisherehekea kuachiwa kwa Mandela, na mkono wake wa kushoto haukurudi kufanya kazi. Amepiga dunia nzima kwa mkono wa kulia, na mwaka 2022 albamu yake ilipata tuzo ya Grammy. Na kama kuna watakaokutazama kwa sababu wewe ni mwanamke, nenda ukamsikilize DJ Rachael wa Kampala, aliyeanza miaka ya 1990 na ambaye kupitia mradi wake wa Femme Electronic amewafundisha wanawake wengi kazi hii. Nairobi kuna kundi liitwalo Santuri, wanaofundisha u-DJ na utengenezaji wa muziki, na kwa mtu wa Mombasa treni ya asubuhi inatosha. Ukipata nafasi ya kwenda tamasha la muziki la Nyege Nyege kule Uganda, nenda usikilize bila kupiga. Utarudi na masikio mengine.

Masikio hayo yalinde. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo klabu hufika bila shida, zimebaki dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuifunika, uvivae kila usiku. Kwenye mixa, mashine ya kuchanganyia sauti, usiruhusu taa nyekundu ziwake. Zikiwaka hujaongeza nguvu, umeanza kuharibu sauti na spika za mwenye ukumbi.

Na mambo ya pesa yaandike, hata iwe ni ujumbe wa simu: saa ya kuanza na kumaliza, kiasi, nusu kabla na nusu usiku huohuo, nani anakurudisha nyumbani saa tisa usiku. Mwenye ukumbi mwadilifu hatachukia. Usipige bure kwa ahadi ya kujulikana, isipokuwa ni sherehe ya mtu wako au shughuli ya hisani unayoiamini, kwa sababu kila anayepiga bure anamshushia bei kijana anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo.

Ukishaweza kuunga nyimbo kumi bila kusimama, rekodi saa nzima, iache ilale siku mbili, kisha isikilize ukiwa kwenye gari kama abiria. Andika dakika ambazo ulitamani kuruka. Rudi kwenye daftari, utazame fungu lipi ulikuwa ndani yake, na urekodi upya saa hiyohiyo kwa nyimbo zilezile. Rekodi ya namna hiyo, ikishanyooka, ndiyo utakayompelekea mwenye ukumbi. Nitumie nami, pamoja na orodha ya nyimbo na mahali ulipobadilisha besi.